Mwekezaji Asimame Athibitishe

Barua ya wazi kwa wawakilishi wadi walio katika kamati za ardhi, mipango na nyumba za mabunge yetu ya kaunti

Waheshimiwa,



Mimi ni mpangaji wa zamani wa nyumba ya kaunti. Mtaa wetu ulibomolewa ili maghorofa yajengwe kwa ubia: kaunti itoe ardhi, mwekezaji atoe fedha, sisi tuhame tukasubiri kurudi. Sitautaja mtaa, wala kampuni, wala kaunti. Woga upo, sikatai, kwa kuwa jina langu bado limo katika orodha ya wanaongoja funguo. Lakini sababu kubwa ni kwamba nimezungumza na wapangaji wa miji mingine nikasikia habari ile ile, majina tu ndiyo yanayobadilika. Atakayesoma akahisi anasemwa yeye, basi ni yeye.

Ombi langu ni moja, ingawa litanichukua kurasa kulieleza. Kila mwaka, mara moja, hadharani, mwekezaji aliyepewa ardhi ya umma afike mbele ya kamati yenu athibitishe kwamba ametimiza alichoahidi kwa mwaka huo. Athibitishe yeye. Tusitakiwe sisi kuthibitisha kwamba hakutimiza.

1. Sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali

Tuliitwa kikao chini ya hema la kukodi, katika uwanja waliokuwa wakichezea watoto wetu. Kabla ya kuketi kila mtu aliandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, akatia sahihi. Wazee wasiojua kuandika waliwekewa wino kidoleni. Karani aliyeshika daftari alikuwa mpole, akatwambia majina ni ya kuhesabia soda na mkate. Halafu akainuka kijana mwenye suti akatuonyesha michoro: maghorofa meupe, miti, watu wanaotembea na mbwa. Akaahidi. Kila mpangaji halali atarudi. Nyumba yake itakuwa ya vyumba viwili, atailipia polepole kwa kiasi kisichopishana sana na pango alilozoea. Uwanja utabaki. Ghorofa ya chini itakuwa na zahanati. Mtaro mpya utachimbwa hadi barabara kuu, maana ule wa zamani ulikuwa ukifurika kila masika na kuingiza maji vyumbani. Kazi za mjengo watapewa kwanza vijana wa mtaa.

Tulipiga makofi, na sioni aibu kusema hivyo. Yaliyoahidiwa yalikuwa mazuri.

Baadaye wenzetu walipokwenda ofisi ya nyumba kuuliza mambo mawili matatu, waliwekewa mezani nakala ya lile daftari. Umma ulishirikishwa, wakaambiwa, na sahihi zenu hizi hapa. Waheshimiwa, mtu aliyeandika kwamba amefika hajaandika kwamba amekubali, na hata angekuwa amekubali, alikubali yale aliyoambiwa siku ile, si yatakayobadilishwa akiwa hayupo.

Sasa uzio wa mabati umepazunguka mahali petu, na mchoro uliobandikwa langoni si ule wa hemani. Nilisimama pale nikahesabu majengo moja moja kuanzia upande wa barabara. Palipokuwa uwanja pamechorwa nafasi za kuegesha magari. Zahanati imekuwa eneo la biashara. Huenda mabadiliko hayo mliyaidhinisha ninyi, tena kwa sababu nzuri. Huenda mwekezaji alijibadilishia tu. Kikao kimoja kwa mwaka kingelijibu swali hilo kwa nusu saa, lakini kwa kuwa hakipo, tunalijibu wenyewe vibarazani, na majibu ya vibarazani mnayajua yanavyokuwa.

2. Mapitio haya yana sheria mahali pengine, na wawekezaji ndio waliokuwa wa kwanza kuihitaji

Sikulibuni hili. Jimbo la California, Marekani, limekuwa nalo katika sheria tangu 1979, na chanzo chake kingewafaa wale wanaodhani ukaguzi ni uadui.

Miaka ya sabini kampuni moja ya ujenzi, Avco, ilikuwa na ardhi kubwa karibu na pwani kusini mwa jimbo hilo. Ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 2 kuitayarisha: barabara, mitaro, kusawazisha udongo. Kabla haijapata vibali vya kujenga majumba yenyewe, sheria mpya ya kulinda pwani ikaanza kazi, na kampuni ikatakiwa kuomba ruhusa upya. Ikaenda mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba asiye na kibali cha ujenzi hana haki ya kudai sheria za jana, hata awe ametumia fedha ngapi. Wajenzi wa jimbo zima walishtuka. Nani atazika mamilioni katika ardhi ikiwa baraza jipya la mji linaweza kuja na masharti mapya kabla tofali la kwanza halijawekwa?

Bunge la jimbo likawasikiliza. Sheria ya 1979 iliruhusu mji na mwekezaji kufunga mkataba wa uendelezaji, na kanuni zilizopo siku ya mkataba zikabaki hizo hizo kwa mwekezaji huyo hadi muda wa mkataba uishe. Ni zawadi kubwa mno. Madiwani wa leo wanawafunga mikono madiwani wa kesho. Kwa kuwa ni kubwa, iliwekewa bei. Mkataba lazima upitishwe kwa sheria ndogo ya mji, kwa hiyo wananchi wakiupinga wanaweza kuupeleka kwenye kura ya maoni. Lazima usajiliwe katika daftari la ardhi la kaunti ndani ya siku 10, ambako yeyote anaweza kuusoma. Na angalau mara moja kila miezi 12 lazima upitiwe upya.

Katika mapitio hayo sheria inamtaka mwekezaji mwenyewe aonyeshe kwamba ametimiza masharti kwa nia njema. Mji ukiona, kwa ushahidi wa kutosha, kwamba hakutimiza, unaweza kuubadilisha mkataba au kuuvunja. Hakuna mahali mkazi anapotakiwa aje na picha za simu na risiti za fotokopi. Akitaka kuja, mlango uko wazi, lakini kesi haimngoji yeye.

Sitaki mdhani nawauzia paradiso. Hata huko mapitio yanaweza kuwa barua ya kurasa mbili kutoka kwa mwekezaji, afisa akaigonga muhuri, baraza likaipitisha pamoja na mambo mengine kumi kwa sauti moja ya ndiyo. Sheria inaweza kuwaleta watu chumbani. Haiwezi kuwalazimisha kuuliza. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu na si kwa waandishi wa sheria.

3. Kwetu anayeumia ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi

Jirani yangu, mama mwenye kibanda cha mboga karibu na lile lango, alipiga picha za mtaro ambao haujaguswa. Akaenda ofisini. Akaambiwa alete ushahidi kwamba mtaro ulikuwa sehemu ya mkataba. Akaomba mkataba. Akaambiwa mkataba una siri za biashara, hauwezi kutolewa. Akarudi kwenye mboga zake. Siku iliyofuata mvua ilinyesha, na maji yakapita pale pale yanapopita siku zote.

Huo mzunguko hauna pa kutokea, na aliyeuchora alijua. Anayedai hana karatasi, na mwenye karatasi hadaiwi.

Ninyi mna ufunguo, tena hamhitaji kuuomba popote. Kifungu cha 185 cha Katiba kinawapa kazi ya kuiangalia serikali ya kaunti. Kifungu cha 195 kinaipa kila kamati yenu uwezo wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au maelezo, na katika hilo mna nguvu sawa na za Mahakama Kuu kuwaita mashahidi na kudai nyaraka. Mtu yeyote ni mtu yeyote. Mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi yumo. Kifungu cha 196 kinawaamuru mfanye vikao vyenu na vya kamati zenu hadharani. Kwa hiyo kikao ninachokiomba kinaweza kuitishwa mwezi ujao kwa barua moja ya karani wa bunge. Mmeita watu kwa mambo madogo zaidi. Nimewahi kuona kamati nzima ikimhoji afisa kwa saa kadhaa kuhusu viti vya ukumbi.

4. Siri ya biashara

Hapa sitakaa sana. Ardhi ni ya umma. Kifungu cha 62 kinasema kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakazi wake. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu ombi, na inazigusa pia kampuni binafsi zinazonufaika na rasilimali za umma. Ikiwa kuna hesabu za faida ambazo mwekezaji hataki mshindani wake azione, zifichwe kurasa hizo. Idadi ya nyumba, ukubwa wa vyumba, bei ya mpangaji anayerudi, tarehe ya kumaliza, uwanja, zahanati, mtaro: ni ipi kati ya hizo iliyo siri ya biashara, na inafichwa mshindani yupi?

5. Miezi inapita, na majina yanafutika

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko michoro yote.

Katika miradi ya namna hii wapangaji hupewa fedha za kwenda kupanga kwingine wakati ujenzi unaendelea. Pangani, Nairobi, familia zilikuwa 48 na kila moja ilitengewa Sh600,000. Buxton, Mombasa, zilikuwa 520 na kila moja Sh240,000. Hizo ni habari zilizokwisha kuandikwa magazetini, na sizitaji ili nimlaumu mtu. Nazitaja ili mpige hesabu pamoja nami. Sh600,000 ukizigawa kwa miezi 24 unapata Sh25,000 kwa mwezi. Sh240,000 kwa miezi 12 ni Sh20,000. Pesa kama hizo zina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Mjengo hauna. Mwezi mmoja baada ya pesa kwisha, kodi anailipa nani? Mwekezaji akichelewa kwa miezi tisa, nani anadaiwa hiyo miezi tisa, yeye au bibi wa miaka sabini aliyehamia chumba kimoja nje ya mji kwa mjukuu wake?

Ninayajua majibu ya kuchelewa. Ugonjwa wa Corona ulisimamisha kazi. Bei ya chuma na saruji ilipanda. Dola ilipanda. Benki zikapandisha riba. Mengi kati ya hayo ni kweli, na mwekezaji mkweli angefurahi kupata mahali pa kuyasema yakaandikwa: mwaka huu nimechelewa kwa miezi mitano, sababu ni hizi, risiti ni hizi, tarehe mpya ni hii. Asiyekuwa na sababu angejulikana mwaka wa kwanza. Sasa hivi wote wawili wanaonekana sawa, kimya nyuma ya mabati.

Halafu kuna suala la majina. Haki ya kurudi ilifungwa kwa jina la mpangaji lililo kwenye kadi ya pango. Tangu tuhame tumezika watu. Mzee mmoja aliyekuwa akiishi nyumba ya pembeni karibu na bomba aliniachia fotokopi ya barua yake ya kurudi, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia nimpe mwanawe wa kike. Yule binti alipoipeleka ofisini alijibiwa kwamba aliyeandikiwa hayupo. Je, haki ile ilikufa naye? Mjane anarithi? Mtoto aliyezaliwa na kukulia nyumba ile anarithi? Hakuna anayejibu, na ukimya unamfaa anayetaka nyumba hiyo iuzwe kwa bei ya soko. Orodha ya wapangaji ikisomwa hadharani kila mwaka, jina halitatoka bila mtu kuuliza limetokaje.

Kadhalika na majina ya hao tuliokubaliana nao. Serikali za kaunti zilianza 2013, na tangu hapo tumepiga kura 2017 na 2022, na tutapiga tena Agosti 2027. Gavana aliyekata utepe anaweza kuwa si gavana atakayekabidhi funguo. Waziri wa nyumba wa kaunti anahamishwa, mkurugenzi anastaafu, faili linahamia jengo jingine. Mwekezaji peke yake ndiye anayekumbuka kilichokubaliwa, na hana sababu ya kuwakumbusha. Hata mwenye duka hulifungua daftari la madeni kila mwisho wa mwezi, wala hangoji wateja wahame kwanza.

6. Faini iliyoandikwa bila mtu wa kuidai

Wapo watakaosema mkataba wetu tayari una adhabu za kuchelewa, basi mapitio ni ya nini. Watazame Brooklyn, New York. Mradi wa Atlantic Yards ulitangazwa 2003: uwanja wa mpira wa kikapu na maelfu ya nyumba, 2,250 kati yake za bei nafuu. Uwanja wa michezo ulifunguliwa 2012. Nyumba zikawa zinasuasua. Mwaka 2014, baada ya vyama vya wakazi kushinikiza, ikakubaliwa kwamba nyumba zote 2,250 za bei nafuu ziwe tayari kufikia mwisho wa Mei 2025, na kila itakayopungua ilipiwe faini ya dola 2,000 kwa mwezi. Maneno mazuri kuliko hayo katika mkataba ni vigumu kuyapata. Tarehe ikafika, nyumba zaidi ya 870 zilikuwa hazijajengwa, na wakala wa jimbo uliotakiwa kudai faini haukuidai; ulisema unajadiliana.

Angalieni mpangilio wake. Kilicholeta tiketi na matangazo kilijengwa kwanza, kilichopaswa kuwaletea wakazi makao kikabaki mwisho. Katika miradi yetu pia muulize kila mwaka: kati ya nyumba zilizokamilika, ngapi ni za kuuzwa sokoni na ngapi ni za wanaorudi? Mkisubiri hadi mwisho mtakuta za sokoni zimeshauzwa, kampuni imeshalipwa, na hakuna tena cha kuishikia.

7. Kwamba mtawafukuza wawekezaji

Hoja hii husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba wawekezaji ni ndege wa kuruka wakisikia mlango. Aliyepewa ekari za ardhi katikati ya mji, karibu na barabara, maji na umeme, bila kuzinunua, hatazikimbia kwa kuitwa mara moja kwa mwaka aeleze alipofika. Atakayekimbia kwa hilo aacheni aende mapema. Na yule anayekopa benki atakuwa na karatasi ya bunge inayosema alikaguliwa akakutwa yuko sawa; mkopeshaji gani asingependa kuiona?

Kuna hoja nyingine, ya kimya zaidi, kwamba baadhi yenu mna jamaa waliokwisha kuwekewa nyumba kwenye ghorofa hizo. Sina ushahidi na simtuhumu mtu. Orodha ikisomwa hadharani, uvumi huo nao utapata jibu.

8. Ninayoomba

Kwanza, kila bunge la kaunti lenye mradi wa ubia wa nyumba lipitishe kanuni, au sheria ndogo ikibidi, inayoweka mapitio ya kila mwaka. Mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa Juni 30. Kikao kiwe kabla ya Septemba kwisha, ili kitakachopatikana kimfikie Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye akiwa bado anaandika ripoti yake. Mikataba iliyokwisha kufungwa isisamehewe: hata kama haina kipengele cha mapitio, uwezo wa kumwita mtu mnao.

Pili, mwekezaji awasilishe taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kikao, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa zote mbili ni lugha rasmi za nchi hii na wapangaji wengi wanasoma moja tu. Taarifa ifuate ahadi moja moja: iliyotimizwa, iliyochelewa, iliyobadilishwa na nani aliyeidhinisha. Ibandikwe ofisi ya wadi na langoni pa mjengo, pale pale palipobandikwa mchoro mpya.

Tatu, kama hakuwasilisha, ihesabiwe kwamba hakutimiza. Hapa msilegeze. Mkilegeza hapa, mengine yote niliyoandika hayana maana, kwa sababu ukimya utarudi kuwa upande wa mwenye nguvu. Mwaka wa kwanza wa kushindwa apewe siku za kurekebisha, zihesabike. Wa pili, asipewe kibali cha kuanza jengo jingine wala ruhusa ya kuuza nyumba za soko hadi za wanaorudi zifikie hesabu iliyokubaliwa.

Nne, orodha ya wapangaji wenye haki ya kurudi iwe kiambatisho cha kila mapitio, na bunge liamue kwa maandishi nini hutokea mwenye jina akifariki. Ninapendekeza haki iende kwa mwenzi, na kama hayupo, kwa mtoto aliyekuwa akiishi nyumba hiyo siku ya kuhama. Mkipata utaratibu wa haki zaidi sitaupinga, ila muuandike.

Tano, wapangaji wawe na viti katika kikao, si kwenye hema la nje. Wachague wenyewe wasemaji wao. Daftari la mahudhurio liwe na safu mbili: amefika, na maoni yake. Asiyeandika maoni asihesabiwe kwamba amekubali.

Sita, kodi ya miezi iliyozidi. Kila mapitio yahesabu ni miezi mingapi imepita tangu pesa za kupangia ziishe, na mwekezaji au kaunti, kufuatana na aliyechelewesha, amlipe mpangaji tofauti hiyo. Hili lisingoje funguo.

Waheshimiwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Nakala ya barua hii, ikiwa na jina langu kamili, nambari ya kadi ya pango na sahihi za majirani waliokubali kutia sahihi wakijua wanatia sahihi nini, inapelekwa kwa karani wa bunge la kaunti yetu kama ombi rasmi chini ya sheria hiyo. Pamoja nayo tumewasilisha ofisi ya nyumba ombi la nakala ya mkataba, na siku 21 zinahesabiwa kuanzia siku waliyogonga muhuri wa kupokea. Kwa wale wa kaunti nyingine, tafadhali waulizeni wapangaji wenu kabla hawajaandika barua yao.

Tutakaa mstari wa mbele wa ukumbi wa umma siku ombi litakaposomwa. Mama wa mboga anakuja na picha zake.

Wenu kwa heshima,

Mpangaji wa nyumba ya kaunti iliyobomolewa